Ukimgusa mshindani kwenye tangazo, mtaje

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tutoe dukuduku letu kuhusu namna makampuni yanavyowasema washindani wao kwenye matangazo. Sisi tumo katika kazi hiyo: tunaandika skripti za redio, tunapanga maneno ya mabango, tunasimamia majaribio ya bidhaa kabla tangazo halijaenda hewani.

Fungua redio asubuhi yoyote uhesabu ni mara ngapi utasikia neno "nyingine". Sabuni nyingine hukausha mikono. Mitandao mingine humaliza salio. Rangi nyingine hubanduka mvua ya kwanza tu. Kwenye televisheni mambo yamezidi: pakiti ya mshindani huwekwa kushoto mwa meza, jina limetiwa ukungu, lakini rangi ya pakiti ni ileile, mstari wa pembeni ni uleule, na mtoto wa darasa la pili anaitambua. Chini yake yameandikwa maneno matatu, "sabuni ya kawaida".

Kumsema mshindani si kosa, na mnunuzi anahitaji kulinganishiwa. Kinachotuudhi ni kumsema mtu bila kumtaja. Anayesema "nyingine" hatakiwi kuthibitisha lolote, maana hakuna ajuaye alipima na ipi. Mnunuzi hawezi kwenda dukani kuhakikisha. Aliyelengwa naye akijibu anakuwa amekiri kwamba ni yeye. Tena neno hilo humwagia tope hata asiyekuwemo: kikundi cha akina mama wanaochemsha sabuni ya mche pale Morogoro nacho ni "sabuni nyingine", na hakijawahi kushindana na mtu.

Tunajua mtindo huu umetoka wapi. Watu wa pwani tumekulia kwenye mafumbo. Kanga husema, taarabu hurusha kijembe, na aliyerushiwa anajijua. Ni sanaa kubwa na tunaipenda. Lakini kwenye mipasho hadhira hufurahia kukisia, basi, ikaenda zake nyumbani. Anayesikia tangazo anaombwa atoe shilingi elfu tatu. Huyo hastahili fumbo, anastahili hesabu.

Ulaya waliliona hilo zamani. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1997 yaliruhusu matangazo ya kulinganisha katika nchi zote wanachama, hata Ujerumani ambako mahakama zilikuwa zikiyabana sana. Humo tangazo la kulinganisha ni lile linalomtambulisha mshindani, ama waziwazi ama kwa kuashiria. Kwa hiyo ile pakiti yenye ukungu ingehesabiwa imetajwa. Masharti yaliyofuata ni ya akili ya kawaida: bidhaa ziwe za kukidhi haja ileile, kinacholinganishwa kiwe cha maana na kiweze kuhakikiwa, bei ikiwemo, na mshindani asivunjiwe heshima wala alama yake isichafuliwe.

Sasa ufundi wenyewe. Swali la kwanza kabla ya kuandika hata neno moja ni hili: nani mkubwa? Mkubwa sokoni akimtaja mdogo anamkweza bure, kwani wasiomjua watamjua siku hiyo. Mdogo akimtaja mkubwa anajipandisha hadi meza moja naye. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa kampuni za kukodisha magari za Marekani. Mwaka 1962 Avis ilitangaza kwamba yenyewe ni ya pili tu, na kwa sababu hiyo inajitahidi zaidi. Hapakuwa na tusi humo. Ilikiri nafasi yake, kisha ikataja vitu vya kushikika: visahani vya majivu visivyojaa, tangi lisilo nusu tupu. Hertz, iliyokuwa ya kwanza, ilikaa kimya miaka minne. Ilipojibu mwaka 1966 ilisema kwamba kwa miaka mingi Avis imekuwa ikiwaambia watu Hertz ni ya kwanza, na sasa yenyewe itawaeleza ni kwa nini. Pande zote mbili zilitaja jina na kutoa sababu, na mteja akabaki na kitu cha kupima.

Ukishaamua kumtaja, unahitaji jaribio, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tuchukue sabuni ya unga. Usipokee pakiti ya mshindani kutoka stoo ya kampuni inayokulipa. Huenda imekaa juani miezi minane. Nunua mwenyewe zote mbili, katika maduka matatu tofauti, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kila duka. Risiti hizo hufifia, kwa hiyo toa kopi siku hiyohiyo. Hamishia unga kwenye mifuko isiyo na jina na uipe namba za tarakimu tatu, mathalani 417 na 862. Usiipe A na B, kwa sababu A peke yake humfanya mtu aamini ni ya kwanza.

Kitambaa kiwe pamba nyeupe, vipande vyote vimekatwa kwenye jora moja. Doa liwe la kweli la jikoni kwetu: mawese, mchuzi wa nyanya, chai ya rangi, tope. Acha likae saa 24, maana doa bichi hutolewa na sabuni yoyote. Maji yawe ya chombo kimoja. Hili ni muhimu sana Dar es Salaam, ambako nyumba hii hutumia bomba na ya jirani kisima chenye chumvi; sabuni ileile inayofanya vizuri kwenye maji laini huweza kushindwa kabisa kwenye maji ya kisima. Kama unadai bidhaa yako inafaa nchi nzima, pima kwa maji ya aina zote mbili. Loweka dakika 30, fua kwa idadi ileile ya misuguo, anika kivulini. Watakaotazama vipande wasijue namba ipi ni ya nani. Rudia mizunguko mitano, kwa sababu nguo haifuliwi mara moja.

Halafu kuna kipimo cha unga, na hapo ndipo hila hufichwa. Bidhaa ya mwenye tangazo huwekwa vijiko vitatu, ya mshindani kijiko kimoja na nusu. Kuna njia mbili zinazokubalika: uzito sawa kwa zote, au kila moja kwa maelekezo ya pakiti yake. Majibu yake hayafanani, kwa hiyo tangazo liseme ni ipi iliyotumika. Na kitambaa kitakachopigwa picha kiwe kilekile cha jaribio, chini ya taa ileile. Kuleta kipya kutoka dukani kwa ajili ya kamera ni uongo, hata kama jaribio lenyewe lilikuwa safi.

Vinywaji na vyakula vina mitego yao. Pepsi ilianza changamoto yake ya kuonja huko Dallas mwaka 1975, watu wakionja vikombe viwili bila kujua kipi ni cha nani. Kikombe cha Pepsi kiliandikwa herufi M na cha Coca-Cola herufi Q. Coca-Cola ikajibu kwa kujaza kinywaji chake chenyewe katika vikombe vyote viwili, na watu bado wakaelekea M. Herufi tu! Tangu hapo hakuna kisingizio cha kutumia alama ambayo watu wanaipenda au kuichukia. Geuza pia zamu: nusu ya waonjaji waanze na 417, nusu waanze na 862. Na kumbuka kwamba funda moja humpendelea mwenye sukari nyingi, ilhali chupa nzima ni habari nyingine. Coca-Cola yenyewe iliumia hapo. Ilionjesha watu karibu 200,000, ikabadili ladha mwezi Aprili 1985, na kwa hasira za wanywaji ikairudisha ya zamani mwezi Julai mwaka huohuo.

Idadi ya waonjaji ndiyo inayotusumbua zaidi. Tuseme watu 20 wameonja, 12 wakachagua yako. Afisa masoko ataruka: "asilimia 60 wanatupendelea!" Rusha sarafu mara 20. Utapata vichwa 12 au zaidi karibu mara moja katika kila majaribio manne. Kwa hiyo hujathibitisha kitu. Lakini watu 100 wakionja na 60 wakachagua yako, bahati tupu ingeleta matokeo kama hayo au makubwa zaidi karibu mara 3 tu katika majaribio 100. Asilimia ni ileile, 60, uzito tofauti kabisa. Tangazo linalotoa asilimia bila kusema ni ya watu wangapi tunaomba wasomaji walichukulie kama halikusema kitu.

Bei inaonekana rahisi, na ndiyo inayodanganya kwa wepisi zaidi hata pale ambapo kila namba ni ya kweli. Tuchukue mfano wa kubuni. Sabuni ya kwanza ni gramu 450 kwa Sh 2,700. Ya pili ni gramu 500 kwa Sh 2,850. Ukitazama pakiti rafuni, ya kwanza ni nafuu. Ukigawa kwa gramu, ya kwanza ni Sh 6 na ya pili Sh 5.70, kwa hiyo ya pili ndiyo nafuu. Sasa soma maelekezo: ya kwanza inataka gramu 50 kwa ndoo ya lita 10, ya pili gramu 70. Ndoo moja ya kufulia inakugharimu Sh 300 kwa ya kwanza na Sh 399 kwa ya pili. Ya kwanza imerudi kuwa nafuu! Makampuni yote mawili yanaweza kusimama redioni na kusema "sisi ni nafuu kuliko fulani" bila kutaja namba hata moja ya uongo. Dawa yake ni kuandika kipimo kando ya dai: nafuu kwa pakiti, kwa gramu, au kwa ndoo. Kwa maoni yetu bei ya ndoo ndiyo inayomhusu mfuaji, ingawa ndiyo isiyotangazwa.

Vifurushi vya simu ni hivyohivyo. Tuseme Sh 1,000 inakupa MB 700 kwa saa 24, na kwingine Sh 3,000 inakupa MB 2,048 kwa siku saba. Kwa MB moja, cha kwanza ni nafuu kidogo. Lakini mtu anayetumia MB 250 kwa siku atalipa Sh 7,000 kwa wiki upande mmoja na Sh 3,000 upande mwingine. Anayelinganisha vifurushi lazima aseme muda wa kuisha, kama saa 24 ni kamili au hukatwa usiku wa manane, kama dakika ni za mitandao yote, na kama sehemu ya MB ni za usiku tu. Mambo hayo hayafai kuachiwa ile sauti ya haraka mwishoni inayosema "vigezo na masharti kuzingatiwa". Sharti linalogeuza jibu la ulinganisho linapaswa kusemwa kwa kasi ileile na sauti ileile iliyotoa dai.

Tena linganisha duka na duka la aina yake. Mwaka 2012 Carrefour ya Ufaransa ilitangaza bei za bidhaa 500 ikijilinganisha na washindani, Intermarché ikiwemo. Maduka ya Carrefour yaliyochukuliwa yalikuwa yale makubwa kabisa, na ya Intermarché yalikuwa madogo kuliko hayo. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwaka 2017 ilisema ulinganisho wa namna hiyo unaweza kupotosha, isipokuwa mnunuzi ameelezwa wazi tofauti hiyo ndani ya tangazo lenyewe. Kwetu hilo ni sawa na kuchukua bei ya katoni Kariakoo ukaipima na bei ya kipande kimoja kwa Mangi kule Mbagala, kisha ukajiita nafuu.

Kinyume chake, ukweli mkali si kosa. Shirika la ndege la Ryanair lilipotangaza kwamba mshindani wake British Airways ni ghali, tena kwa kuichezea herufi za jina lake hadi likakaribia tusi, British Airways ilikwenda mahakamani London ikashindwa mwaka 2000. Ilidai, pamoja na mengine, kwamba Ryanair imetia chumvi kusema tofauti ya bei ni mara tano ilhali ni mara tatu. Jaji aliona kiini cha ujumbe, kwamba British Airways ni ghali zaidi, ni kweli. Sisi tusingeandika tusi lile, maana msomaji hulikumbuka tusi akasahau bei. Lakini bei ilikuwa na jina, njia na namba, na iliweza kuhakikiwa.

Dai la "nambari moja" tulitaje kwa kifupi. Nambari moja kwa nini: laini, mapato, eneo la mtandao, au idadi ya mawakala? Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hutoa takwimu za laini za simu kila robo mwaka, zikionyesha sehemu ya kila kampuni. Anayejiita nambari moja kwa laini ataje robo na mwaka. Ikibadilika robo inayofuata, bango lishushwe.

Mabango, kwa kweli, si mahali pa kuweka bei ya mshindani hata kidogo. Bango hukodiwa kwa miezi. Mshindani hushusha bei Jumatatu, na hadi Ijumaa lako limekuwa uongo wa mita kumi na mbili barabarani. Bei ya kulinganisha iwekwe gazetini, redioni au mtandaoni, mahali ambapo unaweza kuiondoa siku hiyohiyo, na iambatane na tarehe na mahali: "bei za rejareja, Kariakoo, tarehe fulani".

Redio nayo ina tatizo lake, yaani matangazo ya kusomwa papo kwa papo. Skripti tuliyopeleka ina dai moja lililopimwa, na mtangazaji, kwa kupamba kipindi, anaongeza la kwake: "wale jamaa wengine wanawaibia tu". Neno "wanawaibia" limeshatoka, na mwenye bidhaa ndiye atakayeulizwa. Mkataba na kituo useme skripti husomwa ilivyo, na nakala ya sauti iletwe kila wiki. Vivyo hivyo kwa mabalozi wa bidhaa mitandaoni na machawa wao: mpe maneno yaliyoandikwa, na umwambie lipi asiliguse.

Kwa aliyetajwa vibaya, ushauri wetu ni kwamba asijibu kwa kijembe usiku uleule. Ahifadhi tangazo likiwa na tarehe na saa. Anunue bidhaa zote mbili, na risiti. Amwandikie mwenye tangazo akiomba ushahidi wa dai. Arudie hesabu mwenyewe, kwani mara nyingine atakuta ni kweli, na hapo dawa ni kushusha bei au kurekebisha bidhaa. Kampuni ya simu ya Zain ilipopunguza gharama ya kupiga simu nchini Kenya hadi Sh 3 kwa dakika Agosti 2010, majibu yaliyowafaa wateja yalikuwa washindani nao kushusha. Dai likiwa la uongo, apeleke faili kwenye Tume ya Ushindani. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara na maelezo ya uongo kuhusu ubora, bei na manufaa ya bidhaa. Kenya wana yao ya mwaka 2010 yenye katazo la aina hiyohiyo. Kinachokosekana si sheria. Malalamiko huja na hasira bila jaribio wala risiti, na Tume haiwezi kupima hasira.

Ndugu Mhariri, ombi letu la mwisho linakuhusu wewe. Dawati la matangazo la gazeti lako hupokea kurasa za kulinganisha na kuzichapa mradi malipo yameingia. Tunaomba lidai karatasi tatu kabla ya kuchapa: maelezo ya namna jaribio lilivyofanyika, pamoja na idadi ya watu au vipande vilivyopimwa, kopi za risiti zenye tarehe, na barua ya kampuni inayotaja kwa jina ni bidhaa ipi iliyolinganishwa, hata kama tangazo lenyewe linasema "nyingine". Karatasi hizo zikae faili moja kwa muda wote wa kampeni, na mshindani aliyetajwa akija na kitambulisho cha kampuni yake aonyeshwe. Mkianza, sisi tutaleta zetu bila kudaiwa.

Waandishi wa matangazo,
Dar es Salaam